"Just" si "tu" kila mahali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni ya usafirishaji hapa Tanga. Mkuu wetu mpya ni Mwingereza, na maelekezo yake mengi anatuma kwa WhatsApp. Juzi jioni aliandika hivi: "The lorry has just left. We have just about enough diesel. Just make sure the gate is open." Shuleni tulifundishwa kwamba "just" ni "tu", nikaiweka kote: lori limeondoka tu, dizeli ipo tu ya kutosha, hakikisha tu geti liko wazi. Ya tatu niliielewa, mbili za kwanza zikanitatiza, ila niliposikia "enough" sikuagiza dizeli nyingine. Asubuhi ikawa kesi. Neno hili lina maana ngapi, na mtu atajuaje ipi ni ipi? La mwisho: akiniuliza hali nami nikamjibu "I'm just there", anatabasamu kama mtu aliyesikia kichekesho. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na dizeli, maana ndiyo iliyokuletea kesi.

"Just about enough" ni kutosha kwa kubanabana. Ukipima kwa ukarimu inatosha, ukipima kwa ukali haitoshi. Mwingereza akikuambia hivyo kuhusu mafuta, ndiyo namna yake ya kukuonya kwa adabu kwamba hali si nzuri. Wewe ulishika "enough" ukaiacha "just about", na hapo ndipo ujumbe wote ulipokuwa. Lori nalo "has just left", yaani ndiyo kwanza limetoka, hata kona ya kwanza pengine halijakata. Sentensi ya tatu, ile unayosema uliielewa, mimi ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote, lakini tutaifikia.

Mwalimu wako wa shule hakukudanganya. "Tu" ni mojawapo ya kazi za "just", na kwa mtoto wa darasa la tano inamtosha. Tatizo ni kwamba watu wengi tunatoka na hiyo moja mpaka ukubwani. Ukifungua kamusi utakuta maana nyingi, na kila kamusi ina hesabu yake. Sikushauri uzikariri. Zote zimechipuka kwenye shina moja, na ukilishika shina, matawi utayatambua mwenyewe.

Shina lenyewe ni haki. Kilatini kina neno "ius", yaani sheria au haki, na humo likatoka "iustus", mwenye haki. Likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza, na hadi leo "a just king" ni mfalme mwadilifu. Hata neno letu jaji, tulilolichukua kwa Waingereza, lina hiyo "ius" tumboni mwake. Sasa, kipimo cha haki ni kipimo kilicho sawasawa, hakijamdhulumu mnunuzi wala muuzaji. Ndiyo sababu kufikia mwaka 1400 hivi Waingereza walikwisha kulitumia neno hilo kama kielezi kwa maana ya "sawasawa, barabara, hasa". Kile kitufe cha kompyuta kinachonyoosha maandishi kushoto na kulia kinaitwa "justify" kwa sababu hiyohiyo: hakimhukumu mtu, kinasawazisha mistari. Maana ya "tu" ilikuja baadaye sana, katika karne ya 17.

Lilitokaje kwenye "hasa" likafika kwenye "tu"? Fikiria kibaba cha mchele sokoni. Kuna kibaba cha tele, chenye kilima juu, na kuna kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kiganja juu mchele ukalingana na ukingo. "Just" ni kibaba cha mfuto. Mchele umefika ukingoni na haujauvuka. Mmoja atakitazama aseme: naam, ndicho hasa nilichotaka. Mwingine atasema: kimejaa, lakini kwa shida, ukitoa punje chache kinapwaya. Wa tatu atalalamika: ni hicho tu, hata nyongeza hakuna? Kibaba ni kilekile, macho ndiyo tofauti. "Hasa", "kwa shida" na "tu" zote ni "just". Na ukiuhamishia ukingo huo kwenye saa, ukawa mstari kati ya yaliyopita na sasa, unapata "sasa hivi": jambo limeugusa mstari wa sasa, halijakaa mbali nao.

Hiyo ya wakati ndiyo inayowaangusha Waswahili wengi, kwa hiyo niikalie kidogo.

Kiswahili kina njia zake za kusema kitu kimetokea muda si mrefu: "ndiyo kwanza amefika", "ametoka sasa hivi", "habari zilizotufikia hivi punde". "Tu" peke yake haiwezi kazi hiyo. Ukimwambia mtu "nimekula tu" ukanyamaza, atasubiri uendelee: umekula tu ukafanyaje? Umekula tu hukunywa? Lakini ipe neno la wakati la kuegemea, au kishazi kingine nyuma yake, mara inafanya kazi vizuri: "mara tu baada ya chakula", "pale tu alipoingia", "nimefika tu, simu ikaita". Kwa hiyo "just after lunch" ni mara tu baada ya chakula cha mchana, na "just as I was leaving" ni pale tu nilipokuwa natoka. Ila "I've just eaten", iliyosimama peke yake, ni "ndiyo kwanza nimetoka kula". Kipimo changu ni hiki: ukiona "have", "has" au "had" imetangulia "just", na baada yake kuna kitendo kilichokwisha, jaribu kwanza "ndiyo kwanza" au "sasa hivi". Mara nyingi sana utakuwa umepatia.

Mmarekani ataiacha hiyo "have" akasema "I just ate", na kwake ni sahihi kabisa. Mwingereza wa kizazi cha zamani akisikia hivyo hukunja uso. Mitihani yetu hufuata mkondo wa Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi aandike "I have just eaten" apate alama zake, mengine ataongea akishamaliza shule. Kosa ambalo pande zote mbili hulikataa ni "I have just seen him yesterday". Linatutoka kwa sababu kwetu mtu husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali: jana imeshauacha mstari wa sasa, haiwezi kukaa sentensi moja na "have just".

Halafu kuna "just now", na hii ina visa. Mwingereza akisema "he was here just now", alikuwa hapa sasa hivi, amekwisha kuondoka. Mskoti akisema "I'm busy just now", ana shughuli kwa wakati huu. Mtu wa Afrika Kusini akikuahidi "I'll do it just now", usikae mlangoni kumsubiri. Kwao hiyo ni baadaye, saa ambayo haijulikani, na akitaka kuwahi zaidi atasema "now now". Watanzania wanaokwenda Johannesburg kikazi hulipia funzo hilo kwa kusubiri. Tusiwacheke lakini. "Nakuja sasa hivi" yetu sote tunajua inavyoweza kufika jioni.

Maana ya "hasa" ni nyepesi, tuipitie haraka. "This is just what I needed" ni hiki ndicho hasa nilichokihitaji. "She's just like her mother" ni mama yake mtupu. "Just here" ni hapahapa. Angalia kwamba Kiswahili hapa hakitafuti neno la kubandika, kinarudia au kinatumia "ndi-": hapohapo, vilevile, ndiye, ndicho. Mfasiri anayeng'ang'ania kupata neno moja badala ya neno moja hapa hukwama bure.

"Kwa shida" ni ile ya kivuko. "We just caught the ferry": kivuko tulikiwahi, lakini kwa chupuchupu. Waingereza wakitaka kuondoa utata huongeza "only" mbele, "only just", na ukikutana na hizo mbili zimeandamana usiwe na wasiwasi: ni chupuchupu au tundu la sindano. "He only just passed" ni kijana aliyefaulu kwa tundu la sindano. Dada yake "only just" ni "just about", ile iliyokuponza. Tofauti ni kwamba "only just" imefika ukingoni, ingawa kwa tabu. "Just about" inaweza kuwa imefika au imepungua kidogo, msemaji hataki kuapa. "I'm just about finished" ni karibu namaliza. Kwa hiyo ukiona "just about" kwenye jambo lenye hesabu, kama mafuta, fedha au muda, rudi kauliza kiasi. Si ujinga kuuliza, ndiyo kazi ya stoo.

Sasa "tu" yenyewe. Hapa hatari haiko kwenye maana, iko kwenye mahali. "Tu" yetu hukaa nyuma ya neno inalolibana: "wali tu", "leo tu", "wewe tu". "Just" hukaa mbele: "just rice", "just today", "just you". Mswahili akifasiri kichwani huku anaongea hutamka "rice just", na mhudumu wa hoteli humwangalia. Hilo hurekebishika haraka. Gumu ni pale panapoingia kikanusho. Tazama sentensi hizi mbili: "He's not just a driver" na "He's just not a driver". Maneno ni yaleyale, mawili yamebadilishana viti. Ya kwanza inamsifu: si dereva tu, ana na mengine. Ya pili inamshusha: huyu udereva haumo kwake, basi. Kanuni ni kwamba "just" hubana kile kinachoifuata. Ikiwa nyuma ya "not", inakanusha ule ufinyu, sawa na "si ... tu, bali na". Ikiwa mbele ya "not", inakaza huo ukanushi wenyewe, na hapo "tu" haifai kabisa. "The engine just won't start" si "injini haiwaki tu". Ni injini imegoma, umejaribu yote, imekataa katakata. "I just don't understand" ni sielewi, hata ufanyeje. Ndani yake kuna uchovu, na mfasiri mzuri huuhamisha huo uchovu kwa "kabisa", "basi", "hata kidogo", au kwa kitenzi chenye nguvu kama "kugoma".

Ukaza huohuo hutokea hata bila kikanusho. "The food was just terrible" haina maana kwamba chakula kilikuwa kibaya tu, na mengine yalikuwa mazuri. Kilikuwa kibaya mno, kibaya usiseme. Na "it's just wonderful" ni raha tupu.

Mtu anaweza kuuliza, kama "just" ni "tu", je, ni sawa na "only"? Wakati mwingine zinabadilishana bila tatizo: "just two people", "only two people". Lakini mtoto wa pekee ni "an only child", "just" haingii. Kibao cha mlangoni kinaandikwa "Staff only", hutaona "Staff just". Na ukianza sentensi na "just then", umesema "wakati huohuo", ilhali "only then" ni "hapo ndipo". Mtu aliyechanganya hizo mbili kwenye taarifa ya ajali anaweza kumbadilishia mtu kosa.

Turudi kwenye geti lako. "Just make sure the gate is open." Wewe ulisoma "hakikisha tu geti liko wazi", ukaelewa umebakiziwa kazi moja: geti. Nadhani hilo ndilo lililokukamilishia mkosi wa dizeli. Mkuu wako hakusema kazi yako ni geti peke yake. "Just" yake pale ilikuwa ya kulainisha amri, ili isisikike kama amri. Waingereza wana tabia hiyo sana. Nesi anayetaka kukupima presha husema "I'm just going to check your blood pressure". Karani husema "If you'd like to just take a seat". Jirani huomba "Could I just borrow your ladder?" Hakuna "tu" hata moja mle. Ni mkono wa pole unaowekwa begani kabla ya ombi.

Sisi tunalainisha kwa vitu vingine: "naomba", "kidogo", "mara moja", "hebu". "Naomba nikuulize kidogo" haina maana kwamba swali ni dogo. "Njoo mara moja" mtu hasemi kwamba asije mara mbili. "Just" ya nesi ni "nakupima presha kidogo", ya jirani ni "naomba ngazi yako mara moja". Na ujumbe wako wa geti ungefaa ufasiriwe "naomba uhakikishe geti liko wazi", "tu" usiione hata kwa dawa.

Tahadhari moja: kwenye amri, "just" ina sura mbili, na sauti ndiyo inayoamua. Ikitamkwa chini, haraka, "jist", na ile "t" ya mwisho ikimezwa, ni ya kulainisha. Ikipigiwa mkazo ni kinyume chake. "JUST sit down!" ni "hebu kaa chini!", msemaji amechoka nawe. "Just you wait" ni kitisho, sawa na "ngoja, utaona". Katikati yake kuna ile ya "acha maneno mengi", ambayo Nike waliifanya kaulimbiu yao mwaka 1988, "Just do it", iliyobuniwa na mtu wa matangazo aitwaye Dan Wieden. Hapo, kwa bahati, "tu" yetu inaingia bila kubishana: wewe fanya tu. Kwenye maandishi ya WhatsApp sauti haipo, kwa hiyo angalia uhusiano wenu na sentensi zilizotangulia. Mtu ambaye amekuandikia sentensi mbili za kawaida hawezi kukukaripia kwenye ya tatu kwa ajili ya geti.

Na wewe ukimwandikia, je? "I just wanted to ask", "I'm just writing to remind you": barua pepe za ofisini zimejaa hizo. Mwaka 2015 Mmarekani Ellen Petry Leanse, aliyepata kufanya kazi Apple na Google, aliandika kwamba wanawake hasa hujishusha kwa kutumia "just" mno, akashauri wapunguze. Makala ikasambaa kwelikweli. Mwanaisimu wa Oxford, Deborah Cameron, akampinga: neno hilo lina kazi nyingi, wanaume nao hulitumia, na kumwamuru mwanamke achunge kila neno ni mzigo mwingine. Mimi niko upande wa Cameron, ila kwa sisi tuliojifunza Kiingereza ukubwani ninaongeza jambo: huwa tunaishika "just" ya adabu tukaimwaga kila sentensi. Katika barua moja acha moja, kwenye ombi lenyewe. Tatu zikifuatana unasikika kama mtu anayeomba radhi kwa kuwapo ofisini. Na kwenye jambo la hatari usiiweke kabisa. "The brakes have failed" inatosha. "I just wanted to mention that the brakes have failed" ni adabu itakayoua mtu.

Umebaki na "I'm just there". Hicho ni Kiswahili chetu kilichovaa suti: "nipo tu". Nairobi utakisikia, Kampala utakisikia, na sisi kwa sisi tunaelewana vizuri. Mtu hana jipya, hana ugonjwa, siku zinakwenda. Mwingereza hakielewi kwa sababu kwake "there" ni mahali, kwa hiyo anakuona umesema "nipo pale pale tu", naye anatafuta pale ni wapi, wakati umesimama mbele yake. Sio kosa la kukuonea haya, na sioni sababu ya kukiacha ukiwa na Wakenya au Waganda. Kwa mkuu wako sema "not bad, thanks" au "same as usual". Ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na "nipo tu". Akikuuliza kuhusu dizeli, mjibu kwa lita.